Mawimbi huchakatwa "moja kwa moja" au "papo hapo"?

SWALI: Naandika makala kuhusu darubini za redio zinazofanya kazi kwa kundi. Niliandika kwamba kompyuta zake "huchakata mawimbi moja kwa moja", mhariri akabadilisha kuwa "kwa wakati halisi". Ipi sahihi?

JIBU: Kwa maana unayoikusudia, ningeziacha zote mbili.

"Moja kwa moja" hueleza njia kuliko wakati: kitu kimekwenda bila kukatiza wala kupitia pengine. Mawimbi haya hupitia mengi. Chukua darubini ya redio ya MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye antena 64. Wimbi la kutoka angani huzifikia kwa nyakati zinazopishana kidogo mno, hivyo likishageuzwa namba, lililotangulia hucheleweshwa makusudi hadi lilingane na lililokawia. Hugawanywa kwa masafa (frikwensi), kisha namba za kila antena huzidishwa na za kila antena nyingine: jozi 2,016, bila kupumzika.

"Halisi" ni kinyume cha bandia. Haisemi lolote kuhusu upesi, ingawa istilahi hiyo imeshaenea.

"Papo hapo" inafaa zaidi, hasa unapotaka kutofautisha na kazi ya baadaye. Aprili 2017 darubini za Event Horizon Telescope, mtandao wa darubini za redio zilizotawanyika duniani, zilirekodi data kwenye diski, na diski hizo zikasafirishwa ili data ikachakatwe kwingine. Diski za Ncha ya Kusini zilisubiri miezi kadhaa, kwani ndege hazikuweza kuzifuata wakati wa baridi kali. Hapo huwezi kusema papo hapo.

Hata hivyo, "papo hapo" huelekea tukio la mara moja: alijibu papo hapo, alilipwa papo hapo. Kazi ya kompyuta hizi haikomi, na lazima iende sambamba na mawimbi, kwa sababu data ghafi ni nyingi kupita uwezo wa kuihifadhi yote. Isiyochakatwa kwa wakati wake imepotea. Maana hiyo ya mwendo tunayo tayari katika sarufi yetu, na naipenda sana: "kadiri" ikifuatwa na "-vyo-". Andika: "Kompyuta huchakata mawimbi kadiri yanavyoingia." Ukiandika "yanapoingia" hujakosea, ila "-po-" itataja wakati tu, na msomaji hatajua kwamba kompyuta hairuhusiwi kubaki nyuma. Ukishaieleza hivyo mara ya kwanza, "papo hapo" itatosha kwingine kote katika makala.