Kabla hujavaa fulana: maneno kwa wanaoanza kujitolea Lamu

Kila mwaka shule zikifunga, kikundi chetu hupata sura mpya. Vijana wa Langoni na Mkomani wanaongoja vyuo, walimu waliopangiwa kazi huku kutoka bara, muuguzi mmoja au wawili, na mara mojamoja mgeni wa ng'ambo aliyekuja kwa wiki mbili akajikuta ameongeza miezi. Wote huja na swali moja: usafi wa pwani ni lini? Mimi nami niliuliza hivyo hivyo miaka kumi na mbili iliyopita, na mzee mmoja akanijibu, "Kamuulize mwezi." Nilidhani ananicheka.

Basi nikapanga mwenyewe. Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, jua likiwa limepoa. Fulana zilikuwa zimechapishwa, bango limefungwa, maji ya kunywa yamebebwa. Tulitoka mjini kwa miguu kuelekea Shela, vijana thelathini na kitu, tunaimba. Hatukufika mbali. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye kuta na njia ya pwani imekatika. Wengine wakavua viatu wakapita, wengine wakarudi nyumbani. Tuliofika tulikuta ufuo umebaki ukanda mwembamba kama leso iliyokunjwa, na taka tulizozifuata zote zinaelea. Nahodha mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha mashua yake alitutazama kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, yeo bamvua. Hukuutazama mwezi?"

Sikuwa nimeutazama. Wewe utazame. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na hupwa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana, nayo ndiyo maji mafu. Hapa kwetu siku za bamvua maji hujaa kuelekea saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kuelekea saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kiasi cha dakika 50. Ukishalijua hilo huhitaji simu. Unahesabu siku kwa vidole na unajua Jumamosi yako itakuwaje.

Siku hizi tunatoka asubuhi ya bamvua, saa mbili, maji yakiwa njiani kurudi. Unayafuata nyuma. Takataka zinabaki zimejipanga pamoja na mwani kwenye mstari ule yalikofikia maji ya alfajiri, na huna haja ya kuzitafuta. Kufika saa tano mchanga umeshaanza kuchoma na watu wanataka kivuli. Hapo kazi imekwisha, na yeyote anayetaka kuongeza saa moja zaidi ili "tumalizie" hajawahi kubeba gunia mchana wa Lamu.

Upepo nao una yake. Kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa kusi huvuma, na fukwe zinazotazama bahari kuu hupokea vitu ambavyo hakuna mtu wa hapa aliyevitupa. Ndiyo miezi yenye kazi nyingi, na ndiyo miezi ambayo bahari ya nje si ya mchezo. Mwezi wa saba usiniambie habari ya kupakia watoto wa shule kwenye boti uwapeleke pwani ya nje, hata kama kila mmoja ana jaketi la kuokolea. Wapeleke Wiyoni au Gardeni, wakaokote mitaani. Taka zipo tele na hakuna anayezama.

Aibu ya pili ilikuwa kubwa zaidi, na ndiyo niliyojifunza kwayo kuliko zote. Tulikusanya magunia arobaini na tatu. Ofisi moja ilikuwa imeahidi boti ya kuyachukua, tukayapanga vizuri chini ya vilima vya mchanga, tukapiga picha, tukaenda zetu. Boti haikuja siku ile wala kesho yake. Maji yalikuja. Wavuvi ndio walioniita: magunia mengine yamefika mkondoni, mengine yamefunguka, mengine yamekwama kwenye nyavu zao. Kwa lugha nyepesi, tuliiokotea bahari taka, tukazifunga kwa kamba, tukairudishia. Wavuvi hawakutukana. Mmoja aliniuliza tu, "Gunia likijaa, mlitaka liende wapi?"

Tangu siku ile, hilo ndilo swali la kwanza katika kikao chetu, kabla ya tarehe na kabla ya nani atakuja. Mji mkongwe hauna njia ya gari. Kinachotoka ufukweni kitatoka kwa mabega, kwa mkokoteni, kwa punda au kwa chombo, na kila kimoja kina mwenyewe anayetaka kujulishwa mapema na kulipwa haki yake. Mwenye punda mwambie ni safari ngapi na uzito gani, na usimruhusu kijana mwenye pupa aongeze gunia juu ya shogi kwa sababu eti "ni plastiki tu". Plastiki iliyolowa na kujaa mchanga ni nzito. Kila mwaka tunapata mtu wa kubishana nami kwa jambo hili, na kila mwaka nampa gunia alibebe mwenyewe hadi gatini.

Tena changanua hapo hapo ufukweni. Chupa peke yake, plastiki ngumu peke yake, kandambili peke yake, nyavu na kamba peke yake. Vikishachanganyika gunia zima huwa halina mteja, na mwisho wake ni jaa na kuchomwa moto, moshi ukaingia majumbani. Vikichanganuliwa, kuna watu wenye kazi navyo. Mwaka 2018 mafundi wa hapa hapa, wakiongozwa na Ali Skanda, waliunda Flipflopi, chombo cha tanga cha urefu wa mita 9, kwa kiasi cha tani 10 za plastiki iliyotupwa, wakakivika kandambili zipatazo 30,000. Mwanzoni mwa 2019 kilisafiri hadi Zanzibar. Ninawatajia wanaoanza kwa sababu moja tu: kabla mbao za plastiki hazijachongwa, kulikuwa na mtu aliyekaa mchangani akitenga kandambili na vifuniko. Kazi hiyo haipigwi picha. (Na tafadhali usije na mifuko ya plastiki ya kuokotea plastiki. Sheria ya Agosti 2017 ya kupiga marufuku mifuko hiyo ingali ipo, na wazee watakucheka kabla askari hajakufikia.)

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna semina itakufundisha.

Kuna mwaka tulipanga shughuli kubwa, wageni wamealikwa, chai imepikwa. Alfajiri msikiti ukatangaza msiba. Aliyefariki alikuwa mzee wa mtaa wa jirani, na maziko ni baada ya adhuhuri. Kufika saa mbili tulikuwa watu sita. Mwenzetu mmoja, kijana mzuri aliyetoka mbali, alikasirika. Alisema watu wa hapa hawana moyo wa kujitolea. Nikamwambia twende. Tukaenda. Aliona vijana wale wale aliowaita wavivu wakichimba kaburi, wakipokezana jeneza vichochoroni, wakibeba maji, wakipanga mikeka na viti, na hakuna aliyevaa fulana wala aliyeandikwa jina kwenye karatasi. Aliyehitaji kuambiwa afanye nini alikuwa yeye peke yake.

Jumamosi iliyofuata walikuja watu zaidi ya sabini. Baadhi yao sijawahi kuwaona kabla wala baada. Walikuja kwa sababu walituona kaburini.

Lamu watu hawaitwi kwa bango, huitwa kwa sura. Ukitaka watu wahudhurie jambo lako, hudhuria yao: arusi, hitima, kupandisha boriti za nyumba ya mtu, kuvuta chombo kilichokuwa kikikalafatiwa kirudi majini. Mtu akikupa ratiba ya "kuhamasisha jamii", weka mbali kidogo, nenda kakae barazani na kahawa chungu, usikilize. Unayetaka kumhamasisha huenda alikuwa akijitolea kabla babako hajazaliwa, ila yeye haiiti kujitolea.

Ndiyo maana pia usianze jambo bila kujua lina wenyewe. Ufukwe una kamati yake ya wavuvi, yaani BMU, mtaa una mzee wake, chifu yupo, msikiti una imamu ambaye neno lake moja baada ya swala linashinda vikaratasi mia. Waone. Usiende na barua tu. Barua ifuate salamu.

Kwenye mikoko tuliumia vivyo hivyo. Msimu mmoja tulipanda miche mia sita ya mkoko kwenye fungu la mchanga lililo wazi mbele ya mawimbi, kwa kuwa ndipo boti ingeweza kutia nanga kwa urahisi na wageni washuke bila kuchafuka. Baada ya miezi michache haukubaki hata mmoja. Aliyetueleza kosa hakuwa mtaalamu wa ofisini, alikuwa mzee aliyeishi maisha yake yote kwa kukata boriti. Alituonyesha kwa kidole kila aina ya mti na mahali pake: mlilana ndio husimama mbele unakopiga maji, mkoko nyuma yake penye tope laini, mkandaa juu zaidi ambako maji hufika kwa muda mfupi, na mchu unavumilia pengi. Mbegu ya mkoko usiing'oe mtini kwa nguvu. Iliyokomaa huachia yenyewe ukiigusa. Ichomeke wima, kiasi cha theluthi yake iingie topeni, basi. Na usihesabu siku ya kupanda. Rudi baada ya mwaka ndipo uhesabu. Ukiulizwa mmepanda mingapi, jibu ni ile iliyo hai.

Mengine nayapitia mbio. Saa: ukiandika tisa kwa tarakimu kwenye ujumbe, nusu watakuja asubuhi na nusu watakuja alasiri, kwa hiyo andika "saa tatu asubuhi" kwa maneno. Ijumaa usipange kitu mchana. Ramadhani shughuli za jua ziache, panga za usiku baada ya tarawehe, na utashangaa watu wanavyojaa. Mavazi, jisitiri, hata kama unaokota taka. Posho, sema ukweli siku ya kwanza: kama ipo ni kiasi gani, kama haipo haipo, ila nauli ya boti na mahamri kwa mbaazi tutajitahidi. Nimeona vikundi vikivunjika kwa shilingi mia mbili ambazo hakuna aliyezitaja wazi.

Picha nayo ina adabu yake. Usimpige picha mwanamke bila idhini yake, wala mtoto bila mzazi kujua. Wapo akina mama waliokuwa nasi miaka mingi wakaondoka kimyakimya kwa sababu mtu alirusha sura zao mtandaoni, na hawakurudi hata tulipowaomba radhi. Piga magunia.

Siku za tamasha na mashindano, mgeni huomba apewe kazi ya kwenye mashua au karibu na waamuzi. Hutapewa. Utapewa kamba. Punda wakikimbia mbele ya mji, ukingo wa bahari ni mwembamba, watoto wanachomoka miguuni mwa watu, na punda hajui mshindi ni nani. Kazi yako ni kushika kamba, kutazama watu badala ya punda, na kukosa mbio zote. Niliwahi kushika kamba miaka minne mfululizo. Mbio za kwanza nilizoziona vizuri nilizionea dirishani kwa shangazi yangu, nikiwa na homa.

Na sasa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, umeingia. Wageni wa Maulidi wataanza kushuka gatini kutoka Mombasa, Malindi, Tana na hata ng'ambo, na Riyadha, msikiti ulioachwa na Habib Swaleh, utawapokea kama unavyowapokea kila mwaka. Mwishoni mwa mwezi utasikia matwari na kuona zefe ikipita, utatamani uwe mbele. Sisi wengine tutakuwa nyuma, kwenye moshi, penye masufuria ambayo mtu mzima anaweza kukaa ndani yake. Mwaka wangu wa kwanza sikuona zefe. Nilimenya vitunguu kuanzia swala ya alfajiri, na mpishi hakuniuliza jina hadi gunia la pili lilipokwisha.

Kama umefika juzi na hujui pa kuanzia, vitunguu vipo tena mwaka huu. Njoo na kisu chako, maana vya pale vyote ni butu.