Nimonia hairudi bure: mtoto apimwe nini?

Swali: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 3. Tangu alipofikisha miezi 8 amelazwa mara tatu kwa nimonia, na masikio hayaachi kutoa usaha. Kipimo cha haraka cha VVU ni hasi. Kaka zangu wawili walifariki wangali wadogo, kwa homa na kifua. Je, yanahusiana?

Jibu: Marahaba, mama. Pole sana. Yanaweza kuhusiana, na habari ya kaka zako ndiyo iliyonishtua zaidi. Upo upungufu wa kinga wa kurithi ambao daktari Mmarekani, Ogden Bruton, aliueleza mwaka 1952. Jeni yenye hitilafu iko kwenye kromosomu X: mama huibeba bila kuumwa, mtoto wa kiume akiirithi anaugua. Seli B, yaani seli nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili (protini za kupambana na vijidudu), hazikomai, hivyo damu yake inakuwa karibu haina kingamwili kabisa. Miezi ya mwanzo hulindwa na zile alizopata kwa mama akiwa tumboni. Zikishapungua, ndipo nimonia na masikio huanza.

Kipimo kile cha VVU kisikutulize. Hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili dhidi yake, na asiyezitengeneza anaweza kutoka hasi hata akiwa ameambukizwa. Omba PCR, kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe.

Omba pia daktari amulike koo. Kwa watoto hawa tonsili huwa ndogo mno au hazionekani kabisa, na kuangalia hakugharimu kitu. Kisha apimwe kiwango cha IgG, IgA na IgM, ambazo ni aina za kingamwili. Maabara ikiweza, zihesabiwe na seli B. Picha kamili ya damu ikitoka nzuri msirudi nyumbani, maana jumla ya seli nyeupe inaweza kuwa ya kawaida.

Majibu yakisubiriwa, asipewe polio ya matone, kwa kuwa virusi vyake ni hai. Ya sindano haina neno.

Ikithibitika, ataongezewa IgG kwa dripu, kwa kawaida miligramu 400 hadi 600 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya wiki 3 au 4, maisha yake yote. Ni ghali, najua. Lakini nakusihi udai rufaa ya hospitali kubwa sasa, kwa sababu mapafu yakishaharibika hayarudi yalivyokuwa. Na dada zako, kama wapo, uwaambie: nao wanaweza kuwa wanaibeba jeni hiyo, na kwa anayeibeba, kila mtoto wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.