Umeuza trela ila kibali cha Kenya cha kuiingiza kwa muda bado kiko wazi, hakijafungwa?
Kaka, kuuza hakufuti kibali, kile kiko kwa jina lako na namba ya chesisi ya trela, kwa hiyo kwenye sistimu ya forodha ya Kenya hiyo trela bado iko Kenya mpaka waone imetoka. Ulipita Taveta, mpakani upande wa Kenya, ukarudi bila kugongesha karatasi ya kutoka, ndo hapo ulipokosea. Muombe aliyenunua hapo Moshi akuazime siku moja muipeleke Holili, mpakani upande wa Tanzania, si mbali, maofisa wa forodha wa Kenya wanaoshughulikia wanaoingia Tanzania wanakaa huku huku kwetu, wakague chesisi. Beba kibali chenyewe, kopi ya kadi ya trela na mkataba wa mauziano. Vishoka wa mpakani waache aisee, watakula hela na kibali kibaki wazi.