Upinde Wenye Ufa Usiutupe Kwanza

Pinde zangu tatu za kwanza zilinivunjikia mikononi, na kila mara nilisingizia mti. Wa tatu ndio ulionizindua. Nilipookota vipande niliona mgongo umekatika mshazari, tena palepale nilipokuwa nimepitisha randa ili mti uonekane umenyooka. Nilikuwa nimezikata nyuzi za mti mwenyewe.

Upinde ukivutwa, mgongo, yaani upande unaoelekea shabaha, hutanuka, na tumbo, upande unaokuelekea wewe, hubanwa. Uzi wa mti uliokatwa mgongoni ndio mlango wa kuvunjika. Siku hizi nachagua pete moja ya mti, yaani tabaka la ukuaji wa mwaka mmoja, na kuifuata toka ncha hadi ncha, hata ikienda kama nyoka. Sura itakuwa mbaya, lakini mshale utaruka.

Sasa nyufa. Kabla hujashika gundi, tazama ufa unaelekea wapi. Unaofuata urefu wa mti bila kutokea ubavuni mara nyingi ni wa kukauka tu. Huo naudondoshea supaglu nyepesi mpaka uache kunywa, kisha nauzungushia uzi uliolowa gundi. Ninao mmoja wenye ufa wa shubiri nzima tumboni, na bado naupiga. Ila ufa unaokatiza mgongo ni habari nyingine. Pitisha pamba mgongoni taratibu. Ikinasa kwenye kibanzi kilichoinuka, acha kuuvuta upinde huo hapohapo. Upinde ukikatika umevutwa, vipande vinarukia usoni.

Kuna na mistari myembamba inayokatiza tumbo, kama alama za kucha. Hizo ni nyuzi za mti zilizopondeka kwa kubanwa: pale panapinda mno, kwingine hakupindi vya kutosha. Mgeni wa kazi hii hupapiga msasa hapo hapo mpaka zifutike, akazidi kupadhoofisha. Paache. Punguza mti pande za jirani, nazo zibebe mzigo.

Mti dhaifu nao una kazi yake, mradi usiudai makubwa. Kwa mvuto wa inchi 28, yaani umbali ninaovuta mshale, naupa urefu wa inchi 72 hivi, na upana zaidi ya kawaida. Penye fundo naacha nyama kidogo kulizunguka. Mgongo nisiouamini naubandika kitambaa cha kitani au ngozi mbichi.

Lakini nyufa nyingi huzaliwa siku gogo linapokatwa, kwa sababu ncha hukauka upesi kuliko katikati. Paka ncha zote mbili rangi au gundi ya mbao siku hiyohiyo, si kesho. Ukibandua gome, paka na mgongo. Kisha lipasue, uweke vipande kivulini penye hewa. Mimi hupima kila kipande kwa mizani mara moja kwa wiki na kuandika uzito kwa penseli juu ya mti wenyewe. Namba ikijirudia mara tatu au nne, mti umekauka, ndipo nachukua randa.