Imewaka, lakini ubovu umeujua?

Mteja anayenipa kazi kwenye pikipiki ni yule anayekuja na jibu tayari. "Fundi, hii ni plagi. Naenda vizuri, nikifika mbele inazima. Nikibadilisha plagi inawaka." Hadanganyi. Kweli inawaka.

Lakini jiulize, wakati unabadilisha plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, ni kitu gani kingine kilitokea? Utafute spana, ufungue, ufunge: pikipiki imesimama dakika kadhaa. Sasa tazama mfuniko wa tangi. Una kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Kikizibwa na vumbi, petroli ikishuka kwenye kabureta hakuna hewa inayoingia kuchukua nafasi yake, kwa hiyo mafuta yanagoma kushuka na injini inazima. Ukisimama, hewa inapenya taratibu, mafuta yanashuka. Plagi mpya inapata sifa ya bure.

Ikizima tena, plagi usiiguse. Fungua mfuniko. Ukisikia hewa inavutwa ndani, umeshapata pa kuanzia. Funga, subiri kidogo, piga kiki. Ikiwaka, zibua kitundu, rudisha plagi ya zamani uliyoituhumu, kisha endesha njia ile ile. Hapo wengi wananishangaa, kurudisha spea "mbovu" makusudi! Ila usipoirudisha utajuaje? Na kama kufungua mfuniko hakujasaidia, ufunge vizuri, upime cheche hapo hapo injini ikiwa ya moto, maana koili, inayopeleka umeme kwenye plagi, nayo hufa ikichemka na kufufuka ikipoa.

Madaktari nao yamewakuta. London, mwaka 1854, kipindupindu kiliua mamia ya watu eneo la Soho. Daktari John Snow alishuku maji ya pampu ya Broad Street, mpini wa pampu ukaondolewa, ugonjwa ukaisha. Watu hupenda kuishia hapo. Snow mwenyewe alikiri kwamba wagonjwa walishaanza kupungua kabla ya hapo, kwani wakazi wengi walikuwa wamekimbia. Ushahidi wake mzito ulikuwa mwingine: mjane wa Hampstead, mbali kabisa, aliyeletewa maji ya pampu ile kwa kuyapenda, alikufa, lakini wafanyakazi wa kiwanda cha bia jirani na pampu, ambao hawakuyanywa, walisalimika.

Kwa hiyo ukija kwa fundi, usimletee jina la spea. Mwambie ilizima baada ya mwendo gani, tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani, na ulisimama muda gani kabla haijawaka.