Kazi ya tafsiri na akili mnemba: jibu langu kwa mdogo wetu aliyemaliza chuo

Wakuu, habari za leo. Mdogo wetu mmoja ameuliza hapa: amemaliza shahada ya Kiswahili na isimu, anataka kuishi kwa kutafsiri, na kila anayemshirikisha anamwambia aachane nayo kwa sababu akili mnemba imeshaimaliza kazi hiyo. Mimi nipo kwenye tafsiri tangu 2011, Kiingereza kwenda Kiswahili, hapa hapa Dar, na ada za wanangu wawili zimetoka humo. Nitamweleza nilichopitia.

Nilipoanza, Kiswahili kilikuwa kimeshaingizwa kwenye Google Translate tangu 2009, lakini hakuna mteja wangu aliyeitegemea. Ngeli zilikuwa zinavurugika, sentensi haina kichwa wala miguu. Nilikuwa nalipwa senti 7 za dola kwa neno, na maneno 2,000 yalikuwa kazi ya siku nzima. Mwaka 2016 Google wakaanza kuhamia mfumo wa mitandao ya neva, yaani mashine inayojifunza kutoka mifano mingi na kutafsiri sentensi nzima kwa pamoja, na lugha yetu ilipofikiwa, sentensi zikaanza kusomeka. Kisha Novemba 2022 ikatoka ChatGPT. Haukupita mwaka, mawakala wangu, yaani kampuni zinazoniletea kazi za wateja, wakaacha kuniomba nitafsiri. Wananiletea matini ambayo mashine imeshaitafsiri, niipitie, kwa senti 2 kwa neno. Nililia kwa hilo, sifichi. Wenzangu wawili niliokuwa nao kwenye chumba kimoja cha kazi waliondoka, mmoja sasa anafundisha sekondari, mwingine ana duka la vifaa vya ujenzi.

Kwa hiyo wanaokwambia hali imebadilika wanasema kweli. Ila wanaposema kazi imekwisha, hapo sikubaliani nao, na sababu yangu ni hii.

Mwaka jana nililetewa karatasi ya maelezo ya dawa ya kifafa. Kiingereza kilimtaka mgonjwa ameze kidonge asubuhi na jioni, tarakimu 8 mara zote mbili. Mashine ikaandika: "Meza saa 8 asubuhi na saa 8 usiku." Sarufi safi, ngeli zote ziko sawa, mtu anayepitia haraka haoni kosa. Sasa mweke mama wa Kilosa aliyepewa karatasi ile. Saa 8 asubuhi haipo katika maisha yake. Atabahatisha kwamba wamekusudia saa 2, atameza. Saa 8 usiku anaijua vizuri sana, ndiyo usiku wa manane. Akiamka kumeza, ameacha pengo la saa 18 badala ya 12. Asipoamka, dozi imeruka, na kwa mwenye kifafa dozi ikiruka degedege linaweza kurudi. Kosa lenyewe limetoka kwetu wenyewe: matini za Kiswahili zilizoko mtandaoni, nyingine zinahesabu saa kuanzia mapambazuko kama tunavyohesabu sote, nyingine zimenakili tarakimu ya Kiingereza ilivyo. Mashine imejifunza zote mbili na haina namna ya kujua mama huyu anatazama saa ipi.

Karatasi nyingine ilikuwa ya wajawazito. Kiingereza kina neno moja kwa kazi ya kibarua na uchungu wa kuzaa. Aya tatu za mwanzo mashine iliweka "uchungu", vizuri kabisa. Ya nne ikaandika "kazi ikianza mapema, nenda kituo cha afya." Hospitali zetu kila mtu anasema leba, kuanzia muuguzi hadi mlinzi wa getini. Mzazi anayesoma "kazi ikianza mapema" ataelewa nini?

Ndiyo maana nasema kazi iliyobaki ni ya mtu wa kuwajibika kwa neno. Kuandika sentensi ya kwanza kumeshuka thamani. Kusimama na kusema "hii ikimfikia mgonjwa haitamdhuru" hakujashuka, ila bado mawakala wanakulipia kama kazi ya kufuta vumbi, na hili tunapaswa kulipigania. Siku hizi sipokei kazi ya afya kwa bei ya kupitia. Nawaambia nitaitafsiri upya kwa bei ya tafsiri, na nawaonyesha mfano wa saa 8. Kuna waliokataa, na kuna wawili waliorudi.

Kuna hatari nyingine ambayo hutaambiwa. Mwaka 2023, mapato yalipokata, nilifanya kazi ya miezi minne ya kupima majibu ya akili mnemba kwa Kiswahili: unaletewa majibu mawili, unachagua lililo bora, unaeleza kwa nini. Nilikuwa naifundisha. Lakini na yenyewe ilikuwa inanifundisha. Siku moja nilimwandikia mama yangu ujumbe nikasema "natumaini ujumbe huu unakukuta salama," akanipigia simu kuuliza kama ninaumwa. Sikio langu lilikuwa limeanza kuzoea Kiswahili kisicho na mwenyewe. Nikaacha, nikarudi kusikiliza redio na kukaa kijiweni jioni, makusudi kabisa.

Kwako mdogo wangu: shahada ya lugha peke yake haitoshi tena, ongeza fani. Sheria ni mlango mkubwa, kwa sababu tangu mabadiliko ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama hapa Tanzania, na bado kuna sheria nyingi za Kiingereza za kutafsiriwa. Mahakama yenyewe imeanza kutumia mfumo wa akili mnemba kunukuu na kutafsiri mwenendo wa mashauri, maana yake watahitajika watu wanaojua sheria na Kiswahili kwa pamoja wa kuhakiki. Afya ni mlango mwingine. Ukalimani pia, yaani kutafsiri kwa mdomo, hasa ule wa ana kwa ana.

Na usianze na mashine. Kurasa zako 100 za kwanza zitafsiri kwa mkono, maana asiyewahi kuhangaika na sentensi hataliona kosa lililonyooka. Anza wiki hii: chukua karatasi iliyomo kwenye boksi lolote la dawa hapo nyumbani, itafsiri mwenyewe, kisha ipe mashine. Weka tafsiri zote mbili kwenye uzi huu bila kusema ipi ni ipi. Jumapili jioni nina nafasi, nitazipitia mstari kwa mstari.