Kwa mnaoanza kurusha maputo: dari ya anga la Dar haipo pale kitabu kinaposema

Wadogo zangu mlioripoti mwezi huu kwenye kituo chetu cha hali ya hewa, karibuni. Naandika haya kwa sababu katika mwaka wangu wa kwanza hapa Dar es Salaam niliitupa kazi ya mchana mzima kwa kuamini nilichokariri shuleni kuliko kilichokuwa mbele ya macho yangu. Nisingependa nanyi mpite njia ileile.

Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma, jua kali. Nilirusha puto, sonde, yaani kile kisanduku cha vipimo kinachotutumia namba kwa redio, ikaning'inia kwenye kamba yake na kupanda vizuri tu, kama mita 300 kila dakika, joto likishuka hatua kwa hatua. Ilipokaribia kilomita 11 nikakaa sawa kwenye kiti. Kidato cha tano tulikariri kwamba hapo ndipo troposfia, tabaka la anga la chini kabisa, inapoishia, joto linasimama kwenye nyuzi 56 chini ya sifuri, na stratosfia, tabaka la juu yake, inaanza. Halikusimama. Kwanza lilikuwa bado nyuzi 40 na kitu tu chini ya sifuri, kisha likaendelea kuporomoka: 50, 60, 70. Karibu na kilomita 17 likavuka nyuzi 80 chini ya sifuri. Nikasema kihisi, kile kinachopima joto ndani ya sonde, kimekufa. Nikaweka alama ya data mbovu kuanzia kilomita 11 kwenda juu, nikafunga faili.

Mama aliyekuja kupokea zamu, mtu mzima aliyebakiza miezi michache astaafu, akainamia grafu kwa muda. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, hicho kitabu chako kilipima anga la wapi?"

Sikuwa na jibu. Ile kilomita 11 ni wastani uliowekwa kwa ajili ya maeneo kama Ulaya na Marekani, yaliyo katikati ya ikweta na ncha. Huku kwetu jua linapasha bahari na ardhi karibu wima mwaka mzima. Hewa yenye mvuke inapanda kwa nguvu, mvuke unageuka mawingu, na mawingu yakifanyika yanatoa joto jingine linaloisukuma hewa juu zaidi. Ndiyo maana dari ya troposfia hapa iko kilomita 16 hadi 17, wakati kwenye ncha za dunia ni 8 au 9 tu. Na kwa kuwa joto linapungua kadiri unavyopanda, safari ndefu zaidi inaishia kwenye baridi kali zaidi. Kariakoo watu wanatokwa jasho kwenye nyuzi 32, na juu ya vichwa vyao, mwendo mfupi kuliko wa kwenda Kibaha, kuna baridi kuliko iliyoko kwenye dari ya anga la Ulaya.

Kwa hiyo msitafute tabaka kwa kilomita. Litafuteni kwa joto: pale linapoacha kushuka na kuanza kupanda, hapo mmefika stratosfia, iwe kilomita 9 au 17. Mfaransa Léon Teisserenc de Bort naye alipoona joto linagoma kushuka huko juu alishuku kwamba jua linadanganya kipimajoto chake. Tofauti yake na mimi ni kwamba yeye hakufuta. Alirusha tena, akarusha na usiku, maputo zaidi ya 200, ndipo mwaka 1902 akatangaza kwamba kuna tabaka jingine.

Kihisi kibovu kina tabia zake. Kinaruka ghafla kutoka namba moja hadi nyingine, au kinaganda. Kikitoka kwenye wingu kikiwa kimelowa, kwa muda mfupi kitaonyesha baridi ya uongo kwa sababu maji yanakauka juu yake. Mstari unaoshuka kwa ulaini na kufanana na wa jana na juzi, huo ni anga lenyewe. Kabla hujaweka alama ya data mbovu, fungua faili za wiki nzima uzilinganishe.

Wakati wa masika dari hiyo mnaweza kuiona kwa macho. Simameni Coco Beach jioni, wingu la radi likiwa mbali baharini. Linapanda, linapanda, kisha kilele kinatandazika ubapa kama fuawe ya mhunzi. Limegonga stratosfia. Huko hewa ya juu ni ya joto kuliko ya chini yake, kwa kuwa ozoni inafyonza mionzi mikali ya jua, hivyo hewa inayopanda inajikuta nzito kuliko iliyoizunguka na kukosa nguvu ya kuendelea.

Jambo la pili litakalowachanganya ni upepo wa stratosfia. Utafanya kazi miezi mingi ukiona, kwenye kimo cha kilomita 25, upepo unatoka mashariki, ukauzoea. Halafu taratibu, kuanzia juu kushuka chini, unageuka na kutoka magharibi. Sonde haijaharibika. Juu ya ikweta pepo hizo hupokezana, na mzunguko mzima huchukua wastani wa miezi 28. Sisi watu wa kaskazi na kusi tunaelewa upepo unaogeuka kwa majira, lakini huu haufuati mwaka. Mwaka 1908 Mjerumani Arthur Berson alirusha maputo Ziwa Victoria, akakuta upepo wa magharibi juu kabisa mahali ambapo wengi walitarajia wa mashariki. Ilipita nusu karne hadi watu wakaelewa, karibu na mwaka 1960, kwamba pepo zote mbili zilikuwa kweli, kila moja kwa zamu yake. Wangeona vipi mzunguko huo kama kila mpimaji angefuta asichokitarajia?

Puto letu linapasuka karibu na kilomita 30, likiwa limevimba mara nyingi kuliko lilipotoka mikononi mwenu, kwa sababu mgandamizo wa hewa huko ni kama mia moja ya ule wa pwani. Juu ya hapo hatufiki. Tabaka la tatu, mesosfia, linaanza kilomita 50 na baridi inarudi, hadi kilomita 85 hivi, halafu la nne, themosfia, ambako joto linazidi nyuzi elfu lakini hewa ni chache mno hata usingeunguzwa nalo. Mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota humezwa na angahewa kabla ya kutufikia. Ndiyo maana setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuichunguza ilibidi ipelekwe juu ya karibu hewa yote. Ilirushwa jirani na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru.

Sasa chumba cha gesi, tunamojaza puto haidrojeni, na hapa nawaomba kwa dhati. Haidrojeni haina harufu na inalipuka kwa cheche usiyoiona. Simu inabaki nje. Vaeni pamba, si nailoni, maana nailoni ikisuguana inazalisha umeme. Vueni pete, kateni kucha, mlishike puto mkiwa mmevaa glavu laini za pamba. Mkwaruzo mdogo usioonekana hapa chini utalipasua kilomita 12, na siku hiyo hamtaiona dari kabisa.

Na saa. Dunia nzima inapima kwa saa za pamoja, zile za Greenwich (UTC), 00 na 12. Kila mwaka kuna mgeni anayeona 12 kwenye ratiba na kuja saa kumi na mbili jioni. Kwetu ile 12 ni saa tisa alasiri, na ile 00 ni saa tisa usiku. Puto linatakiwa liwe angani kabla ya hapo, kwa hiyo saa nane kasoro muwe mmeshafungua mlango wa chumba cha gesi na hewa inapita.